Wenye vitalu vya bustani wasipuuze makongamano

BIASHARA ya kupamba bustani na mandhari imeota mizizi katika miji ya Kenya. Kandokando ya barabara za Ngong, Kiambu na Lang'ata jijini Nairobi, vitalu vya maua, nyasi na miche ya miti vimepangwa sako kwa bako. Wenye vitalu hivyo ndio huitwa kupanda nyasi katika makazi mapya, kupogoa nyua na kutandaza kabro.

Hata hivyo, wengi wao huyaona makongamano na maonyesho ya sekta yao kuwa anasa ya wenye mashamba makubwa. Dhana hiyo haikuzuka hivi hivi. Siku ya kufunga kitalu ni siku bila mauzo, ilhali miche haingoji kunyweshewa. Isitoshe, maonyesho yanayovuma zaidi huwalenga wengine. Yale ya IFTEX, yaliyoanza jijini Nairobi mnamo 2012, ni soko la wakuzaji wa maua ya kuuzwa ng'ambo. Mwenye kitalu kidogo akifika huko husikia habari za mizigo ya ndege, si namna ya kumdai mteja aliyekataa kumaliza deni.

Pamoja na hayo, kuyapuuza makutano haya kabisa ni hasara.

Kwanza ni suala la maarifa. Lantana na gugumaji yaliletwa katika nchi nyingi kama mimea ya mapambo. Leo lantana imevamia malisho, nalo gugumaji limewahangaisha wavuvi wa Ziwa Victoria tangu miaka ya 1990. Mwenye kitalu hawezi kuijua hatari ya mmea mgeni kwa kumtazama jirani yake, kwa kuwa jirani naye anauza mche uo huo. Anahitaji kuketi na wataalamu wa afya ya mimea kutoka KEPHIS, watafiti wa misitu wa KEFRI na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha JKUAT, ambako usanifu wa mandhari hufunzwa.

Pili ni soko. Mnamo Desemba 2022, Rais William Ruto alizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Aidha, tangu 2013 serikali imetenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Fursa hizo humponyoka mtu asiyejua stakabadhi zinazohitajika, au ambaye miche yake haitoshi kujaza hata lori moja. Wafanyabiashara kumi waliofahamiana kongamanoni wanaweza kuunganisha vitalu vyao na kutimiza agizo ambalo mmoja asingethubutu kulikubali.

Tatu, na pengine zito zaidi, ni ardhi. Vitalu vingi vimo katika hifadhi ya barabara, chini ya mamlaka kama KeNHA na KURA. Barabara inapopanuliwa, mwenye kitalu hana hati ya kumtetea. Akienda peke yake kuomba muda wa kuhamisha miche, ni rahisi kupuuzwa. Kongamano linaweza kuwapa wenye vitalu ujumbe mmoja, ombi moja na wawakilishi wanaotambulika.

Ili haya yatimie, waandalizi nao wana wajibu. Misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, ndiyo misimu ya mauzo. Kongamano lifanyike Januari au Agosti. Ada iwe ya kumudika, mikutano ipelekwe katika kaunti, na mijadala iendeshwe kwa Kiswahili ili anayeshika jembe aelewe sawasawa na anayechora ramani.

Mwenye biashara naye asiende kukusanya kofia na vijitabu vya bure. Aende na swali moja linalomkosesha usingizi, arudi na jibu lake pamoja na nambari za simu za watu watatu atakaofanya nao kazi. Akirudi mikono mitupu mara mbili, ana haki ya kubaki kitalu kwake.

Mashine za kupanua barabara hazitauliza nani alihudhuria na nani alikosa. Lakini waliokwisha kujuana watakuwa na pa kuanzia, kwani kidole kimoja hakivunji chawa.