Mtoto amesema "Hapana". Halafu?

Bandugu vijana wa Likasi na Shinkolobwe,

Namna wanavyopima somo la kuzuia unyanyasaji wa watoto tunaijua: mgeni anaingia kalasini, watoto wanarudilia pamoja "mwili wangu ni wangu", picha zinapigwa, idadi ya watoto inaandikwa kwenye ripoti. Kwisha. Sisi tunauliza: nani anarudi kuangalia kilichofuata?

Hatukatai somo lenyewe. Mwaka 2015 watafiti wa Cochrane walikusanya majaribio 24 ya masomo kama haya, yenye watoto 5,802. Waliofundishwa walijua zaidi namna ya kujilinda. Lakini kama unyanyasaji wenyewe ulipungua, majaribio hayakuonyesha. Na hakuna hata moja lililofanyika Afrika.

Karibu na sisi, kule Luwero, Uganda, walipima kwa njia nyingine. Shule za msingi 42. Nusu zikafuata mpango wa shirika la Raising Voices kwa miezi 18, na mpango huo ukagusa walimu na wakubwa wa shule, si watoto peke yao. Mwaka 2014 wakauliza watoto: wiki hii mtu wa shule amekupiga? Kwenye shule za mpango, 31 kwa 100 walisema ndiyo. Kwenye zingine, karibu 49. Na juu ya yale waliyoyasema siku hizo, watoto 434 walipelekwa kwa wahusika wa ulinzi wa watoto. Ndiyo maana ya kupima: mtoto akisema, kuwe na mtu wa kumpokea.

Hapa kwetu sheria iko. Ile ya 10 Januari 2009 inasema mtoto ni kila mtu asiyefika miaka 18. Lakini karatasi hailindi mtu. Shinkolobwe tunalijua hilo kuliko wengine. Mgodi ulifungwa kwa amri ya rais Januari 2004. Julai ya mwaka uleule ukabomoka na kuua wachimbaji, kwa sababu watu waliendelea kuchimba.

Kwa hiyo tunadai vitu vitatu kwa Leta na kwa kila shirika linaloingia shuleni:

1. Walimu na wakubwa wa shule wafundishwe kwanza. Mtoto wa miaka 7 hawezi kumzuia mtu mzima, tena mtu mwenye kumpa alama.

2. Kila shule iwe na mtu anayejulikana wa kupokea malalamiko, na mwingine nje ya shule, kama mshitakiwa ni mkubwa mwenyewe.

3. Baada ya miezi 6 warudi. Waulize watoto kwa siri, na wazazi waambiwe: malalamiko mangapi yalipokelewa, mangapi yalifika kwa polisi au tribinali ya watoto, mangapi yalimalizwa kwa mbuzi na franga kati ya familia. Majina ya watoto yabaki siri.

Sisi tuna diploma, kazi hatuna, muda tunao. Tutaenda shule kwa shule kuuliza maswali haya. Mtu wa ripoti akija kwenye kata yako, muulize na wewe: mtoto amesema hapana. Halafu?