Wasichana wa Makobola Nao Wapewe Kiwanja

Wazazi wenzangu wa Makobola, Swima na Mboko, tazameni saa kumi jioni. Mvulana anavua viatu na kukimbilia mpira. Dada yake anapandisha bidoni ya lita 20 kutoka ziwani, na nyumbani sombe bado haijatwangwa. Nani alisema huyu hana kipaji? Hatujampa hata nafasi ya kuuchezea.

Ng'ambo ya ziwa wameshaamka. Mwaka 2022 wasichana wa Tanzania wa chini ya miaka 17 walikwenda Kombe la Dunia nchini India, wakaifunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali. Mwaka uleule wanawake wa Burundi, ambao milima yao tunaiona kila kunapokucha, walishiriki Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza. Na Kongo si wageni: wasichana wetu wa chini ya miaka 20 walicheza Kombe la Dunia Urusi 2006, wakarudi tena Chile 2008. Novemba 2024 wanawake wa TP Mazembe walitwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika.

Wapo wanaosema mpira utamharibu binti. Hofu ya mzazi siidharau, hasa hapa Makobola, ambako tulizika ndugu zetu kwa wingi katika mauaji ya mwishoni mwa 1998. Mzazi lazima ajue mwanawe yuko wapi jua linapozama. Basi atafutwe mama anayeheshimika asimamie mazoezi, yaishe kabla ya magharibi, na wavulana waachie kiwanja siku mbili kwa wiki. Siku hizo kaka mtu ateke maji. Kwa hayo hatuhitaji mfadhili.

Kuna jambo jingine tunalolipuuza: karatasi. Tangu 2025 Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 17 huchezwa kila mwaka, timu 24 badala ya 16. Lakini mashindano ya vijana huuliza umri kwanza, na binti asiye na cheti cha kuzaliwa hukwama mlangoni hata akiwa hodari kuliko wote. Baba, mtoto mchanga mwandikishe ndani ya siku 90. Waliokwisha kuchelewa huhitaji hukumu ya mahakama, nayo ina safari na gharama. Wazee wa kanisa na wa mtaa, changieni gharama hiyo kama mnavyochangia msiba, na muanze na wenye miaka 14, kwa maana hao wamebakiwa na miaka mitatu tu.