Safari ya Miguu Isifutwe

Katika mkutano wa wazazi wa muhula huu lilitolewa shauri ya kwamba ile safari ya miguu ya Kidato cha Tatu, ambayo huenda kila mwaka katika milima ya Kisarawe na kulala huko usiku mmoja, ifutwe, na mahali pake yawekwe masomo ya ziada. Shauri hilo halikukatwa. Limeahirishwa mpaka mkutano ujao. Kwa kuwa nimeandamana na wanafunzi mara tatu katika safari hiyo, pamoja na walimu wenzangu na baadhi ya wazazi, naomba nafasi katika gazeti letu nieleze kwa nini naona isifutwe.

Kwanza nieleze safari yenyewe, maana wengi wanaoisema hawajaiona. Jumamosi alfajiri twaondoka hapa Kibaha kwa gari mpaka mjini Kisarawe. Hapo twashuka, kila mtu anachukua mzigo wake mgongoni, na tangu hapo gari letu ni miguu. Twaingia katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu na Kazimzumbwi kwa kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, tukiwa na kiongozi aijuaye njia. Mwaka huu tulikuwa wanafunzi 32, wasichana kwa wavulana, na watu wazima 5. Kila mmoja alibeba maji lita 3, shuka, sahani, na sehemu ya chakula cha wote: huyu unga, yule dagaa, mwingine chumvi na njugu. Masufuria na mahema yalibebwa kwa zamu. Usiku tulilala karibu na Bwawa la Minaki, na Jumapili jioni tulikuwa tumekwisha rudi shuleni. Simu za wanafunzi hubaki shuleni.

Milima hii si mirefu. Haifiki hata mita 400, na mtu aliyezaliwa Uchagani au Uluguru aweza kucheka akisikia twaiita milima. Lakini na aje aipande saa saba ya mchana, na dumu la maji mgongoni, kisha ndipo acheke.

Sasa tuyatazame maneno ya wale wanaotaka ifutwe. Ni maneno ya watu wanaowapenda watoto wao, na kila neno lastahili jibu.

Neno la kwanza ni kwamba safari yapoteza wakati wa masomo. Nasema hivi: Kidato cha Pili wana mtihani wa taifa, na Kidato cha Nne wana mtihani wa taifa. Kidato cha Tatu hawana. Wapo katikati, na kila mwalimu ajua ya kwamba ndio mwaka ambao mwanafunzi huweza kulala usingizi huku macho yako wazi. Siku mbili katika mwaka huo si wizi wa masomo. Tena, je, ni kweli ya kwamba huko hawasomi? Mto Msimbazi, ambao wanafunzi wetu wengi wenye kwao Dar es Salaam wanaujua kwa mafuriko yake tu, waanzia katika milima hiyo. Mwezi wa Desemba 2011 maji yaliwatoa watu wengi katika nyumba zao huko Jangwani na mabonde mengine, na baadhi yao wakahamishiwa Mabwepande. Katika darasa hayo ni maneno ya ubaoni. Lakini mwanafunzi akisimama mlimani, akaona jinsi udongo ulivyotulia penye miti na jinsi ulivyochimbika makorongo pasipo miti, ameelewa jambo ambalo hatalisahau katika chumba cha mtihani.

Kadhalika huko Pugu upo udongo mweupe wa kaolini, ambao hutumika kutengeneza vyombo vya kauri na karatasi; na katika mapango yaliyoachwa na wachimbaji, siku hizi wanaishi popo. Upo msandarusi, ambao utomvu wake, yaani sandarusi, ulichimbwa ardhini na Wazaramo na kuuzwa ng'ambo kwa kutengenezea vanishi, zamani za biashara ya Unguja. Ipo reli, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Morogoro mwaka 1907. Na kando yake reli mpya ya treni ya umeme, ambayo ilianza kubeba abiria mpaka Morogoro tarehe 14 Juni 2024. Ipo shule ya Minaki, iliyoanzishwa mwaka 1925 na wamisionari waliokuwa na chuo chao Kiungani, Unguja. Na Pugu ndipo Mwalimu Nyerere alipofundisha mpaka alipoacha kazi ya ualimu mwaka 1955 kwa ajili ya TANU. Wazee husimulia hata leo jinsi alivyokuwa akienda Dar es Salaam kwa miguu. Usiku tulisikia komba wakilia. Katika msitu huo yumo komba mdogo sana, aitwaye na wataalamu komba wa Rondo, ambaye uzito wake haufiki gramu 100, naye hupatikana katika misitu michache tu ya pwani yetu. Kama ndiye tuliyemsikia au ni mwingine, giza halikutuambia. Lakini wanafunzi 32 walinyamaza kimya wakisikiliza, na mwalimu yeyote atanielewa nikisema ya kwamba jambo hilo si dogo.

Neno la pili ni hatari. Hili silipuuzi hata kidogo. Nyoka wapo, mbu wapo, maji ya bwawa yapo, na kijana wa miaka 16 hujiona hafi. Mzazi anayeuliza juu ya hatari ana haki ya kujibiwa kwa mpango, asijibiwe kwa kutuliza moyo tu. Kwa hiyo mwishoni mwa maneno yangu nitaweka masharti, na nasema mapema ya kwamba mwaka ambao shule haitaweza kuyatimiza, safari isifanyike.

Neno la tatu ni juu ya wasichana. Baadhi ya wazazi wamesema wavulana waende, wasichana wabaki. Naona haifai. Mwalimu wa kike huenda pamoja nao, mahema yao huwa mahali pao, na mwaka huu mama mmoja mzazi alikwenda nasi akalala nao. Msichana huyo twamwambia asome sayansi, awe daktari, awe mhandisi wa maji vijijini. Atafikaje vijijini ikiwa tumemfundisha ya kwamba mwituni si mahali pake?

Neno la nne lilisemwa na mzee mmoja kwa upole, nalo liliniingia zaidi kuliko mengine. Alisema, "Mwalimu, mimi nimebeba mizigo maisha yangu yote ili mwanangu asibebe. Leo wewe wamfundisha kubeba?" Wazazi wengi walimpigia makofi, nami nikaona sababu yao. Lakini naomba kumjibu mzee wangu kwa heshima. Mzigo ule alioubeba yeye alibebeshwa na shida. Mzigo huu mtoto ameuchukua mwenyewe, na ndani yake mna chakula cha wenzake. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, na hofu yake moja kubwa ilikuwa kwamba shule zitawatenga vijana na kazi na watu waliowalea. Mtoto anayejua uzito wa dumu la maji kwa kilomita 10 atamwelewa baba yake vizuri zaidi. Naye aliyebeba unga wa kundi zima hathubutu kuutupa njiani kwa sababu amechoka, maana watu 36 watalala na njaa.

Hapa ndipo nafika kwenye jambo ambalo kwangu ni kubwa kupita yote. Katika safari hii ipo sheria moja: mwenye mwendo wa polepole ndiye anayetangulia, na hakuna anayempita isipokuwa kiongozi wa njia. Mwaka huu aliyetangulia alikuwa msichana mmoja mwembamba mwenye miguu mifupi. Kwa saa nzima wavulana wenye nguvu walinung'unika nyuma yake. Walisema tutachelewa, tutakutwa na giza. Yeye alisikia kila neno, na nilimwona akikaza macho chini. Ndipo mmoja wa wale wanung'unikaji akaenda mbele, bila kuambiwa na mtu, akamwomba sufuria aliyokuwa ameibeba kwa zamu yake, akaifunga juu ya mzigo wake mwenyewe. Mwendo ukapata nafuu kwa wote. Tulifika saa kumi kasoro robo, na jua lingali juu, wote 37 kwa pamoja.

Shuleni sisi huwapanga watoto kwa alama: wa kwanza, wa pili, wa mwisho. Sina ugomvi na alama, maana mimi mwenyewe huzitoa. Lakini alama zawafundisha kwamba njia ni ya mmoja mmoja, na aliyebaki nyuma ni shauri lake. Njia ya mlimani yawafundisha jambo la pili, ya kwamba kundi halijafika mpaka aliyechoka amefika. Nchi yahitaji watu wanaojua mambo yote mawili, na la pili sijui tutalifundisha wapi kwa masomo ya ziada ya Jumamosi.

Liko na jambo jingine. Tulipokuwa twatembea tuliona duara jeusi katikati ya miti iliyokatwa, nalo lilikuwa mabaki ya tanuri la mkaa. Wanafunzi wakaanza kuwalaani wachoma mkaa kwa maneno makali. Kijana mmoja aliyekuwa akijua majina ya miti kupita wote, ambaye darasani hunena mara chache sana, akasema taratibu, "Sare hii niliyovaa imenunuliwa kwa mkaa." Wote wakanyamaza. Kisha msichana mmoja wa Dar es Salaam akasema kwao wanapikia mkaa, gunia kwa gunia. Basi jioni kando ya moto walizungumza mpaka saa nne usiku: nani anaukata msitu, yule mwenye shoka au yule mwenye jiko? Mtu atakula nini akiacha mkaa? Gesi ni bei gani kijijini? Hawakupatana, na sikuwaharakisha wapatane. Nimefundisha miaka mingi juu ya kutunza misitu, lakini sijapata kusikia somo hilo likizungumzwa kwa haki kama nilivyolisikia usiku ule, kwa kuwa wote waliohusika walikuwa wamekaa duara moja, nao walikuwa wamekula ugali wa sufuria moja.

Wako wanaosema, basi wapelekwe kwa basi, Mikumi au Bagamoyo, waone na kurudi siku hiyo hiyo. Sikatai safari za basi. Lakini basi lina bei, na mwenye nacho hupanda, asiye nacho hubaki bwenini akifua nguo. Safari ya Kisarawe huenda darasa zima, kwa sababu gari ni la mwendo mfupi, ada ya hifadhi ni ndogo kwa wanafunzi wetu, na chakula ni kile kile ambacho wangekula shuleni. Wahenga walisema, tembea uone. Hawakusema lipa uone.

Haya sasa masharti yangu. Safari isifanywe wakati wa masika, bali kati ya Juni na Septemba, njia zikiwa kavu. Kila mzazi apelekewe barua mapema, atie sahihi, na aandike ugonjwa wa mtoto wake, hasa pumu, kifafa na selimundu, na dawa ziende pamoja na mtoto. Watu wazima wasipungue 1 kwa wanafunzi 8, na wawemo wanawake. Mmoja wao awe amejifunza huduma ya kwanza. Mtu asiingie katika bwawa, hata kama anajua kuogelea. Moto uwashwe pale tu panapoonyeshwa na mwenye hifadhi, na uzimwe kwa maji. Gari likae Kisarawe muda wote, tayari kwa mgonjwa. Na ikiwa saa nane ya mchana imefika na nusu ya njia haijafikiwa, kundi ligeuke lirudi bila mabishano.

Kwa wanafunzi wa Kidato cha Pili, ambao mwakani ni zamu yenu: msingoje mkutano uwaamulie huku mmekunja mikono. Waelezeni wazazi wenu nyumbani, kwa adabu, kwa nini mwataka kwenda. Na kama jibu lenu ni kwamba mwataka kukimbia darasa, basi wazazi wana haki ya kukataa.

Kwa wazazi ombi langu ni fupi. Kabla ya kupiga kura katika mkutano ujao, mwulizeni mtoto mmoja aliyekwenda mwaka huu. Msimwulize kama alifurahi, maana atasema ndiyo. Mwulizeni alibeba nini, na alikuwa amembebea nani.