Kabla hujalipa karo ya shule ya kanisa Ukunda, uliza maswali haya manne

Kuna fomu mbili juu ya kabati la TV nyumbani kwetu Mvindeni. Moja ni ya shule ya umma iliyo karibu, unaenda kwa miguu. Ya pili ni ya shule ya kibinafsi ya kanisa: ina nembo ya msalaba, picha ya watoto wamevaa miwani ya maabara, na orodha ya mahitaji ya kurasa mbili. Mdogo wangu wa kike yuko Gredi ya 6. Januari anaingia sekondari msingi, na bi mkubwa amenitupia mimi swali: "Mwanangu, wewe ndiye umesoma soma. Tumpeleke wapi?"

Nilicheka. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili kwa kukosa karo ndiye nimekuwa mshauri wa elimu wa familia.

Sasa ongeza hili: sisi ni Waislamu. Kama unaona ajabu Mwislamu kujaza fomu ya shule ya kanisa, basi hujakaa sana Ukunda. Simama Kona ya Musa asubuhi uangalie sare zinazopita kwenye tuktuk na mabasi ya shule, halafu uliza majina. Utasikia akina Mwanajuma na akina Hamisi wakishuka kwenye geti lenye msalaba. Na si wachache.

Hili jambo tunalifanya kimyakimya, kila mzazi na lake. Mimi naona wakati umefika tuliongee wazi, manake kanuni za mchezo zimebadilika na wengi hatujashtuka.

Kwa nini tunapanga foleni huko

Tuanze na ukweli. Hakuna mzazi wa Kwale anayempeleka mtoto shule ya kanisa kwa sababu amechoka na dini yake. Anatafuta mwalimu.

Gredi ya 7 ya kwanza ilianza Januari 2023. Serikali ikaamua madarasa ya 7, 8 na 9 yakae ndani ya shule za msingi, wakati nyingi hazikuwa na maabara wala walimu wa kutosha. Pengo likazibwa na walimu wanagenzi waliolipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Mwalimu mmoja anafundisha sayansi, hesabu na kilimo, hata kama chuoni alisomea historia. Mwaka 2024 wakachoka, wakagoma na kuandamana, na Aprili mwaka huohuo mahakama ya leba ikasema TSC ilikosea kuwaajiri kwa mtindo ule. Wanagenzi 46,000 waliajiriwa rasmi kuanzia Januari 2025, jambo jema, lakini fikiria mtoto aliyeanza Gredi ya 7 mwaka 2023. Miaka yake miwili ilishapita kwenye vurugu hiyo.

Pesa nazo? Serikali imekuwa ikipanga shilingi 15,042 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari msingi ya umma. Gawanya kwa miezi 12 uone: hata 1,300 haifiki. Na hata hizo, uliza mwalimu mkuu yeyote zinavyochelewa.

Kwa hiyo mzazi anayepika hotelini Diani, anayeuza vitenge ufuoni au anayeendesha bodaboda anaangalia hali hiyo, anaangalia shule ya kanisa yenye darasa dogo na mwalimu anayeonekana kila siku, anasema potelea mbali, nitabana. Simlaumu. Mamangu alifanya hesabu hiyohiyo juu yangu.

Skafu kwenye begi

Nami nilisoma shule ya kanisa, enzi za 8-4-4. Siitaji kwa jina, na si lazima. Siku ya mahojiano waliuliza swali moja tu kuhusu dini: "Mtoto atafuata taratibu za shule?" Mama akasema ndiyo. Hakuuliza taratibu gani.

Taratibu zilikuwa hivi. Skafu inavuliwa getini, inaingia kwenye begi. Ibada ya asubuhi kila mtu anahudhuria. Ijumaa masomo yanaendelea kama kawaida, na wavulana Waislamu wakiomba ruhusa ya kwenda msikitini wanaambiwa wachague kati ya swala na jaribio la hesabu. Jioni kuna masomo ya ziada mpaka saa kumi na moja, kwa hiyo madrasa nikawa nafika watu wamefunga vitabu.

Mwalimu wa IRE hakuwepo, nikasoma CRE. Na niliijua, wallahi. Nilikuwa naweza kukuchorea safari za Paulo mji kwa mji. Siku moja bibi yangu kule Msambweni akaniuliza Mtume alitoka Makka kwenda wapi, nikanyamaza. Hakunigombeza. Alimtazama mama tu.

Nieleweke. Walimu wale walinipenda, na Kiingereza na hesabu nilizonazo zilitoka kwao. Hakuna aliyenilazimisha kubatizwa. Lakini nilijifunza mapema kwamba kuna sehemu yangu inayobaki kwenye begi mpaka saa kumi na moja jioni, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia mama kwamba hiyo pia ni sehemu ya karo.

Dini sasa ina alama zake

Hapa ndipo mambo yalipobadilika. Sekondari msingi ina masomo tisa baada ya kupunguzwa kutoka idadi kubwa iliyokuwa ikiwachosha watoto mwanzoni. Moja kati ya hayo tisa ni elimu ya dini: mwanafunzi anachukua CRE, IRE au HRE. Si kipindi cha kujazia ratiba. Ni somo kamili linalotahiniwa kwenye KJSEA, ule mtihani wa Gredi ya 9 uliofanywa kwa mara ya kwanza mwishoni mwa 2025 na watahiniwa zaidi ya milioni 1.1.

Na alama za kwenda Gredi ya 10 zinakusanywa polepole: asilimia 20 kutoka tathmini ya Gredi ya 6, asilimia 20 kutoka tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8, na 60 kutoka KJSEA yenyewe. Kwa hiyo shule isipokuwa na mwalimu wa IRE, mtoto wako Mwislamu atasoma CRE miaka mitatu, atapimwa kwa CRE, na cheti chake kitasema CRE. Huwezi kumwambia "sikiliza tu, usiweke moyoni." Asipoweka moyoni, anapoteza alama. Na ukiamua kumhamisha katikati ya safari, anaanza upya somo ambalo wenzake wamelisoma tangu Gredi ya 7.

Ndiyo maana nasema lile swali la "atafuata taratibu za shule?" si dogo tena.

Sheria inasemaje

Watu wengi wataambia kwamba Mahakama ya Juu ilishapiga marufuku hijabu katika shule za kanisa. Hebu tulinyooshe hili.

Kesi ilitoka Isiolo, shule ya St Paul's Kiwanjani, shule ya umma ambayo mfadhili wake ni Kanisa la Methodist. Mwaka 2014 wakuu wa serikali walitaka wasichana Waislamu waruhusiwe hijabu na suruali nyeupe, kanisa likaenda kortini. Mahakama Kuu ikaunga kanisa mkono mwaka 2015. Mahakama ya Rufaa ikapindua mwaka 2016 na kusema shule lazima iwape nafasi wanafunzi wa dini nyingine. Januari 2019, Mahakama ya Juu ikafuta uamuzi huo wa rufaa. Lakini kwa nini? Kwa sababu ombi la mzazi aliyekuwa akitetea wasichana halikuwa limewasilishwa kwa utaratibu unaofaa. Aliambiwa yuko huru kuanza upya. Yaani swali lenyewe, je, msichana anaweza kuvaa hijabu kwenye shule ya kanisa, halikumalizwa.

Kwingine mahakama zimeongea wazi zaidi. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliwasikiliza Waadventista waliokataa watoto wao kulazimishwa masomo ya Jumamosi. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ikamrudisha darasani msichana Rastafari wa Nairobi aliyefukuzwa kwa sababu ya nywele zake. Na Kifungu cha 32 cha Katiba kinasema mtu asinyimwe nafasi katika taasisi kwa sababu ya imani yake, wala asilazimishwe kufanya kitendo kinachopingana nayo.

Lakini kuwa mkweli pamoja nami. Kesi hizo zilihusu shule za umma. Shule ya kibinafsi itakujibu: kanisa nalo lina haki ya kufundisha imani yake, hukulazimishwa kuja, na fomu ulisaini. Haki za Katiba zinamfunga kila mtu, shule za kibinafsi zikiwemo, lakini ukitaka kuthibitisha hilo unahitaji wakili, miaka mitano, na mtoto aliye tayari kuwa mada ya kesi. Ni mzazi gani wa Bongwe ana hivyo vyote? Kwa hiyo katika maisha ya kawaida, sheria yako ni ile karatasi unayosaini siku ya kwanza. Isome.

Masika na karo

Kuna jambo lingine ambalo mtu wa Nairobi hawezi kulijua. Karo ya Diani inafuata watalii. Disemba mpaka Machi hoteli zimejaa, bakshishi ipo, muhula wa kwanza unalipika. Halafu masika yanaingia, mahoteli yanapunguza watu, wengine wanapewa likizo bila malipo, wauzaji wa ufuoni wanahesabu mawimbi. Na muhula wa pili unafunguliwa hapohapo, kati ya Aprili na Mei.

Matokeo yake unayajua: mtoto anarudishwa nyumbani wiki ya tatu. Zamani alifidia kwa kukesha akijisomea mtihani wa mwisho. Sasa miradi na tathmini zinafanyika darasani, na mwalimu hawezi kumpima mtoto asiyekuwepo. Mtaala huu unaadhibu utoro kuliko ule wa zamani, na utoro wa masika hausababishwi na mtoto.

Na usidhani mwalimu wa kibinafsi hakai naye roho juu. Wengi wanasubiri barua ya TSC. Ikija Februari, anaondoka Februari, na darasa la sayansi linabaki na kitabu. Ule uthabiti uliofuata kule una nyufa zake.

Na upande wa pili je?

Ningekuwa mnafiki nikiishia hapa. Kuna watoto Wakristo, wa wazazi waliotoka bara kufanya kazi hotelini au waliozaliwa hapahapa Shimba Hills na Kinango, wanaosoma kwenye shule ambako karibu wote ni Waislamu na mwalimu wa dini aliyepo ni wa IRE. Wao nao wanakaa nyuma ya darasa, au wanatumwa nje kufagia uwanja kipindi cha dini kikifika. Rafiki yangu mmoja alimaliza msingi hivyo. Ananiambia alijua kufagia kuliko kusali.

Kwa hiyo hili si la kanisa dhidi ya msikiti. Ni la mtoto mmoja katikati ya wengi. Mkoa wetu unajua chuki ikipewa nafasi inafika wapi; waliokuwepo Likoni na Kwale Agosti 1997 hawahitaji kukumbushwa. Darasa ambalo Mwanajuma na Mutua wanakaa dawati moja ni kitu cha thamani. Sitaki livunjwe kila mtu akimbilie shule ya dini yake. Nataka wote wawili wakae pale bila mmoja kuficha kitu kwenye begi.

Maswali manne

Basi hii ndiyo orodha niliyompa bi mkubwa. Ichukue, ibadilishe upendavyo, hata kama wewe ni Mkristo unayepeleka mtoto shule ya Kiislamu:

1. Mna mwalimu wa somo la dini la mtoto wangu? Kama hamna, ninaweza kupanga asome kwingine na bado mumsajili kwa somo hilo kwenye KJSEA?

2. Ibada ya asubuhi na swala ya Ijumaa: ni lazima, ni hiari, au kuna ruhusa? Na mavazi?

3. Nikichelewa kulipa wakati wa masika, mnafanyaje? Kuna mpango wa kulipa kidogo kidogo, au ni kumrudisha nyumbani?

4. Walimu wangapi wa sekondari msingi wamekaa hapa zaidi ya mwaka mmoja?

Halafu omba majibu kwa maandishi. Si kwa ugomvi, kwa heshima tu. Shule nzuri haitakasirika. Ikikasirika, umepata jibu la tano bila kuuliza.

Bi mkubwa alikwenda Jumatatu iliyopita. Mwalimu mkuu alimkaribisha vizuri, akampa soda, akajibu la tatu na la nne palepale. La pili akasema skafu nyeupe watairuhusu. La kwanza akasema atazungumza na wenzake, atapiga simu.

Hajapiga. Fomu bado ziko juu ya kabati la TV. Mdogo wangu anapita hapo kila asubuhi akienda shule, hazitazami, lakini juzi usiku aliniuliza polepole: "Dada, kule wewe ulikuwa unavulia wapi?" Nikamwambia getini. Akauliza, "Na ulikuwa unaona haya?"

Mama alikuwa jikoni. Nadhani alisikia, manake asubuhi yake yeye mwenyewe ndiye aliyechukua simu akapiga shule. Tunangoja jibu.