Baiasi ipimwe amplifaya ikishapata joto

Makala yako imeeleza vizuri kwa nini transista mbili za kutolea sauti hazipokezani vyema bila baiasi. Kila moja hudai kama volti 0.6 kabla ya kupitisha umeme, hivyo wimbi linapovuka sifuri hubaki pengo. Ukifungulia sauti kubwa hulisikii. Weka taarabu kwa sauti ya chini usiku, utasikia udi kama umeingia mchanga.

Ila napinga shauri lako la kurekebisha baiasi mara tu baada ya kuwasha. Transista ikipata joto, ile volti 0.6 hushuka takriban milivolti 2 kwa kila digrii ya Selsiasi. Mkondo hupanda wenyewe, joto huongezeka, mkondo hupanda tena, mpaka transista iungue. Ndiyo maana transista ndogo inayoshika baiasi lazima ifungwe kwenye bati lilelile la kupozea transista za kutolea sauti, isiachwe kwenye bodi.

Mimi huanza na baiasi ya chini kabisa, bila spika wala muziki, na balbu ya zamani ya wati 60 nimeiunga mfululizo kwenye waya wa umeme. Balbu ikififia naitoa, kisha napima milivolti kwenye ncha mbili za rezista ya emita. Kwa omu 0.22, milivolti 11 ni miliampia 50. Baada ya nusu saa napima tena na kurekebisha taratibu kwa bisibisi.

Na tafadhali, rezista ya kuzungusha inayorekebisha baiasi iwekwe kati ya besi na emita ya transista ndogo, ili ikikatika ndani baiasi ishuke, isipande.