Gari la bei nafuu Busia? Uliza umri wake kwanza

MSOMAJI mpenzi, kama hujawahi kufika Malaba, panda siku moja basi la usiku kutoka Nairobi, ushuke pale kunapopambazuka. Kabla hujamaliza kikombe cha kwanza cha chai utakuwa umeona trela mbili tatu zikipita polepole kuelekea langoni, na juu yake magari madogo yamepangwa kama kuku katika tenga. Toyota, Subaru, Nissan. Yametengenezwa Japani, yakashushwa katika bandari ya Mombasa, yakakata nchi yetu kwa zaidi ya kilomita 900, na hakuna hata moja lililo na ruhusa ya kubaki Kenya. Yanapita tu, kama mgeni aliyealikwa karamu ya nyumba ya jirani.

Mengi ya magari hayo, hata mwenyewe angebadili nia akataka kuyaacha kwetu na kulipa ushuru wote unaotakikana, asingekubaliwa. Yamezeeka mno. Kanuni za shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS, haziruhusu gari kuukuu kuingizwa humu nchini likiwa limepita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Wenzetu wa Uganda, kwa sheria waliyoirekebisha mwaka 2018, hufunga mlango gari likifika miaka 15 tangu kutengenezwa, ingawa gari likizidi kuzeeka hulitoza pia ushuru wa mazingira. Kwa hivyo Toyota ya mwaka 2012 ikiwa upande huu wa mto Malaba ni mzee wa kukaa kivulini, na ikivuka daraja inakuwa kijana wa kuoa.

Mambo haya yangebaki kuwa ya makarani wa forodha kama si madalali. Tembea katika mji wa Busia siku ya soko, simama mahali ukiwa umevaa shati safi na kutazama magari kwa jicho la tamaa, na haitachukua muda mrefu kabla ya kijana fulani kukusogelea. Ana gari. Ni zuri, halijagonga, mwenyewe ni Mganda aliyepatwa na shida na anataka pesa upesi. Bei yake? Karibu nusu ya ile utakayoambiwa Nairobi kwa gari la aina hiyo hiyo. Nambari zake zinaanza na U badala ya K, lakini hiyo, atakwambia, si taabu. Wengi wanayaendesha.

Shemeji yangu ni mwalimu wa shule ya msingi upande huu wetu. Ana watoto watatu na pikipiki moja, na kwa miaka sita sasa familia nzima imekuwa ikisafiri juu ya pikipiki hiyo: mdogo amekaa juu ya tangi, wawili wamebanwa katikati, mama yao nyuma ameshika mfuko. Mvua za Aprili unazijua. Ameweka akiba katika chama cha ushirika cha walimu, akaomba mkopo, ukakubaliwa. Dalali akampata kabla pesa hazijapoa.

“Mulamwa,” akaniambia, “wewe ni mtu wa magazeti, hebu nieleze. Gari ni lile lile, barabara ni ile ile, na mafuta ni yale yale. Herufi moja tu ndiyo imebadilika. Kosa liko wapi?”

Swali hilo, msomaji, usilicheke. Mimi lilinikalia siku mbili kichwani. Kwa maana ukilitazama gari lenyewe, kosa hulioni. Injini haijui mpaka. Kosa liko katika karatasi, na karatasi ndiyo unayonunua unaponunua gari. Chuma ni nyongeza.

Hebu tulifuate gari hilo. Likivuka kuja Kenya kihalali, huingia kwa kibali cha muda, chini ya sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, na huwa na bima ya kadi ya njano ya COMESA inayotambuliwa pande zote mbili. Kibali hicho ni cha mgeni. Ni cha mtu aliyekuja mazishi Bungoma au biashara Eldoret na atakayerudi kwake siku zikiisha. Si cha mwalimu anayeishi hapa hapa na kulipeleka gari shuleni kila asubuhi. Siku zikiisha na gari halijarudi, limekuwa la magendo, na afisa wa ushuru akikusimamisha barabarani ana haki ya kulichukua pamoja na ufunguo.

“Basi nitalipia ushuru nilihalalishe,” alisema shemeji. Hapo ndipo mtego ulipo, na madalali hawautaji. Kama gari limepita ile miaka minane, hakuna kiasi cha pesa kitakachotosha. Huwezi kulipia kitu ambacho sheria inasema kisiingie. Na bila kupita forodha, mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, haiwezi kukupa nambari za Kenya wala kitabu cha gari, ile logibuku ambayo benki na vyama vya ushirika huishika kama dhamana. Umeingia deni la miaka minne kwa ajili ya kitu ambacho kwenye maandishi si chako.

Kisha kuna lile lisilopendeza kulitaja Jumapili. Mtoto wa mwenyewe akikimbilia barabarani, ukamgonga. Kampuni ya bima itauliza mwenye gari ni nani, kibali kiliisha lini, na dereva alikuwa na haki gani ya kuliendesha. Ukikosa majibu umeipa sababu ya kukunja mikono, na gharama za yule mtoto zitakuja kubisha mlangoni kwako. Nilipofika hapo shemeji hakuniuliza tena habari za herufi moja.

Lakini sitaki uondoke na picha ya mpaka kama ukuta, maana si ukuta. Karibu kila kitu kingine huvuka. Tangu mwaka 2014 Mkenya na Mganda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa tu, bila pasipoti. Mama wa nyanya na ndizi ana utaratibu wake wa karatasi fupi, mradi bidhaa zake zimetoka humu humu Afrika Mashariki na hazizidi thamani ya dola 2,000. Nasema ana utaratibu. Kwamba wapo wanaoukwepa na kupitia njia za panya kwa sababu hawana subira ya foleni, hilo nalo utaliona kwa macho yako. Na sauti ndiyo isiyoomba ruhusa kabisa. Simama karibu na lango la Busia, simu yako itapokea ujumbe wa kukukaribisha Uganda ilhali viatu vyako vingali katika vumbi la Kenya. Ndiyo sababu ukimkuta mfanyabiashara wa hapa na simu ya laini moja tu, ujue ni mgeni. Laini moja ya huku, moja ya kule, pesa za simu katika zote mbili, na shilingi za nchi mbili katika mifuko tofauti ya suruali ili zisichanganyike.

Watu wenyewe nao hawakuuomba mpaka huu. Hadi mwaka 1902 Busia na hata Kisumu zilihesabiwa kuwa Uganda. Ndipo Waingereza wakakata mkoa ule wa mashariki na kuutia katika himaya ya upande huu. Wateso na Wasamia wakajikuta ndugu mmoja huku, ndugu mwingine kule. Mara nyingine wamelipia jambo hilo kwa damu, kama Desemba 1987 risasi ziliporushwa hapa Busia kati ya majeshi ya nchi mbili. Leo ukimwambia mtoto wa darasa la sita habari hizo anadhani unamtungia hadithi.

Na tukizungumzia usafiri, chombo kilichoushinda mpaka huu hakikutoka Japani. Mnajua boda-boda ilizaliwa wapi? Hapa. Katika miaka ya sitini, kati ya lango la Kenya na lango la Uganda mjini Busia palikuwa na mwendo mrefu, zaidi ya nusu kilomita, ambao gari lisilo na karatasi halikuweza kuukata. Abiria alishuka upande mmoja na mizigo yake, akatakiwa atembee juani mpaka upande wa pili. Vijana wakatia mto wa kukalia nyuma ya baiskeli, wakawa wanaita: boda, boda! Yaani mpaka hadi mpaka. Mtindo ukafika Malaba, ukaenda Kampala, ukaenda Kisumu. Serikali yetu ilipoondoa kodi kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, baiskeli zikaanza kusukumwa kando, na jina likabaki. Leo kijana wa Lamu anajiita mwanaboda ilhali mpaka hajauona hata kwenye ramani.

Mwaka 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walikifungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia. Lori linaloenda Uganda sasa husimama mara moja tu, upande wa Uganda, ambako maafisa wa nchi zote mbili wameketi chini ya paa moja. Linalokuja Kenya husimama upande wetu. Shehena nyingi hulipiwa ushuru zikiwa bado Mombasa, na kontena hufungwa kwa lakiri ya elektroniki inayowaambia maofisini liko wapi usiku na mchana. Mambo haya ni mazuri. Yakiharibika huharibika vibaya, kama Januari 2022 madereva walipogomea ada ya kupimwa Korona na malori yakapangana kwa makumi ya kilomita kutoka Malaba, lakini kwa siku za kawaida yeyote aliyekuwa akilala hapa siku tatu zamani atakwambia tofauti.

Sasa nauliza. Serikali zinazoweza kulifuata kontena kwa satelaiti kutoka baharini mpaka Kampala, zimeshindwaje kukubaliana umri wa Toyota moja? Itifaki ya soko la pamoja ilianza kutumika Julai 2010. Kenya inasema minane kwa kuhofia kugeuzwa jaa la vyuma vya Japani, na kwa kuvilinda viwanda vya kuunganisha magari vya Thika na Mombasa. Uganda inasema 15 kwa sababu raia wake hawana pesa za gari la miaka minane. Hoja zote mbili nazielewa. Ila kama ningeulizwa mimi, ningepima breki, nisipime siku ya kuzaliwa. Nimepanda magari ya miaka mitano yanayovuta kushoto kama punda mkaidi, na ninamjua mzee mmoja wa Bumala mwenye Peugeot 504 iliyokuwapo kabla yangu, na bado humfikisha kanisani.

Mzee huyo anatukumbusha jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau. Ile miaka minane ni ya gari linaloingia nchini. Gari ambalo tayari limesajiliwa Kenya linaweza kuzeeka litakavyo, bora likaguliwe na liwe na bima. Kwa hivyo mwenye pesa kidogo ana njia ya halali: atafute lililokwisha kuingia zamani, lenye nambari za KB au KC. Halafu asimwamini mtu. Aingie katika mtandao wa eCitizen, alipe ada ndogo, apate taarifa ya NTSA inayoonyesha jina la mwenye gari na kama kuna benki inayolidai. Alinganishe nambari ya chesisi iliyo kwenye karatasi na ile iliyochongwa kwenye chuma, kwa macho yake mwenyewe, si kwa picha ya simu. Na pesa zisitoke kabla ya uhamisho wa umiliki kuanzishwa.

Shemeji hakutaka ugomvi na dalali. Alimwambia tu kwa upole, “Ndugu yangu, gari nimelipenda. Twende sote forodha kesho saa tatu, tuulize kama linaweza kubadilishwa.” Dalali akasema sawa, hakuna neno. Saa tatu ikafika, ikapita. Shemeji akapiga laini ya Kenya, imezimwa. Akapiga ya Uganda, nayo imezimwa.

Mkopo ungali katika akaunti. Ameambiwa kuna Probox ya nambari za KB huko Bungoma, mwenyewe ni mwalimu mwenzake anayestaafu, na taarifa ya NTSA ameshaitoa: jina ni lake, hakuna benki. Twaenda kuiona Jumamosi pamoja na fundi, ambaye ametoza shilingi elfu mbili na chakula cha mchana. Nimemwambia shemeji asimpunje chakula.