Pikipiki ya tajiri, bima ya nani?

Katika vijiwe vya bodaboda Dar es Salaam, pikipiki nyingi si mali ya wanaoziendesha. Yupo dereva wa hesabu, anayempelekea tajiri fedha kila siku, na yupo wa mkataba, anayelipa kidogo kidogo hadi chombo kiwe chake. Muda wote huo kadi ya usajili ina jina la tajiri. Je, bima isome jina la nani?

Kwa bima ndogo, inayolazimishwa na Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, jibu si gumu. Inakinga madai ya watu wengine, na kwa kawaida humhusu dereva yeyote mwenye leseni aliyeruhusiwa na mwenye chombo. Ila ikikatwa ya matumizi binafsi huku pikipiki inabeba abiria, kampuni imepewa sababu ya kukwepa. Na dereva mwenyewe akivunjika mguu, bima hiyo haimtibu.

Mgogoro uko kwenye bima kubwa, inayokinga hata pikipiki yenyewe. Kanuni tuliyorithi kwa Waingereza inamtaka mkata bima awe na maslahi yanayotambulika kisheria katika mali anayoikatia. Mwaka 1925, katika kesi ya Macaura, mahakama ya juu ya Uingereza ilimnyima fidia mtu aliyekata bima ya mbao kwa jina lake, kwa kuwa mbao zilizoungua zilikuwa mali ya kampuni, ingawa kampuni yenyewe ilikuwa mikononi mwake.

Wapo watakaosema kanuni hiyo inamfungia nje dereva pia. Sikubali. Macaura hakuwa na mkataba wowote uliompa haki juu ya mbao zile. Dereva wa mkataba anao, na kila hesabu anayolipa inampa haki. Pikipiki ikiibwa mwezi wa kumi wa mkataba wa mwaka mmoja, tajiri hulipwa fidia yote huku ameshapokea malipo ya miezi kumi. Dereva anaanza upya, mikono mitupu. Huo ni uonevu.

Majina mawili katika bima moja si jambo geni: benki zinazokopesha vyombo huandikwa humo ili zilipwe kwanza. Tajiri anayehofia dereva kula njama na wezi ana hoja, lakini fidia ikigawanywa kwa kadiri ya deni lililobaki, sehemu yake inabaki salama. Kinachotakiwa ni mkataba wa maandishi, risiti ya kila hesabu, na wakala wa bima kuelezwa ukweli kabla ya kupokea fedha: nani mwenye kadi, nani anaendesha, na kwa makubaliano gani.